Tuzo ya mchezo safi si ya watoto wapole

Nikuulize kitu. Siku ya zawadi shuleni, namba moja darasani alipewa kamusi na makofi ya kutetemesha mabati. Aliyeongoza hisabati akapewa seti ya jometri. Halafu kulikuwa na zawadi ya nidhamu. Hiyo ilikuwa inaenda kwa nani? Unamjua. Yule mpole wa kona ya nyuma ambaye walimu walimwonea huruma kwa sababu hakuwa ameshinda kitu kingine. Daftari mbili, makofi matatu, nenda ukae.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoichukulia tuzo ya mchezo safi. Tunaiona kama asante ya kushiriki. Mfungaji bora tunamjua kwa jina, mchezaji bora tunamweka kwa status, lakini huyo wa mchezo safi hata picha yake hatuitafuti. Na hapo ndipo mimi na wewe tunahitaji kuongea.

Leo nataka nikupeleke mahali baridi kuliko Limuru mwezi wa Julai. Ufini. Huko wanawake wana ligi ya hoki ya barafuni iliyoanza mwaka 1982. Kwa miaka mingi iliitwa Naisten SM-sarja, mwaka 2017 ikawa Naisten Liiga, na tangu 2024 inaitwa Auroraliiga. Usiogope majina. Shika tu hili: ni moja ya ligi kongwe za wanawake kwenye mchezo huo, na kila msimu ukiisha, wanatoa tuzo ambazo zimepewa majina ya wanawake waliocheza kabla yao.

Hilo la majina ni kubwa. Tuzo ya mchezaji bora inaitwa Riikka Nieminen, mwanamke aliyeongoza kwa pointi kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, mara ya kwanza kabisa hoki ya wanawake kuchezwa Olimpiki. Tuzo ya chipukizi bora inaitwa Noora Räty, kipa ambaye washambuliaji wa Marekani na Kanada walichoka kumwona. Na tuzo ya mchezo safi? Inaitwa Emma Laaksonen.

Sasa Emma Laaksonen ni nani? Kama unadhani ni yule mpole wa kona ya nyuma, shika kiti.

Emma, ambaye siku hizi anajulikana kama Emma Terho, alizaliwa Desemba 1981. Piga hesabu: Nagano 1998 alikuwa na miaka 16. Umri wa form two. Wakati wengi wetu tulikuwa tunahangaika na chunusi na ada ya trip, yeye alirudi nyumbani na medali ya shaba. Baada ya hapo alicheza Olimpiki nyingine nne: 2002, 2006, 2010 na 2014. Jumla tano. Mwaka 2010 kule Vancouver akachukua shaba nyingine. Katikati alivuka bahari kwenda Marekani, akasoma na kucheza katika chuo kikuu cha Ohio State. Aliwahi kuwa nahodha wa timu ya taifa. Mwaka 2018 wanariadha wa Olimpiki walimpigia kura awawakilishe kwenye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 2021 akawa mwenyekiti wa tume ya wanariadha ya kamati hiyo.

Huyo ndiye sura ya mchezo safi Ufini. Na bado sijakwambia alicheza namba gani. Alikuwa beki.

Kama hujawahi kutazama hoki ya barafuni, wacha nikupe picha. Kila upande una wachezaji watano na kipa. Wamevaa viatu vyenye chuma chini, wana magongo mikononi, na wanakimbiza kisahani kidogo cheusi cha mpira mgumu kinachoitwa paki. Uwanja umezungushiwa ubao, kwa hivyo hakuna kukimbilia nje. Kwa wanawake, kumgonga mwenzako kwa mwili makusudi ili kumwangusha kumekatazwa kwa miaka mingi katika sheria za kimataifa, ingawa kusukumana wakati wa kugombea paki kupo na kunauma. Ukifanya kosa la kawaida, refa anakutoa dakika 2. Unaenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu kama mtoto aliyevunja kikombe, na timu yako inabaki wanne dhidi ya watano. Kosa kubwa ni dakika 5.

Fikiria kazi ya beki kwenye hiyo hali. Mshambuliaji anakujia kwa kasi kuliko boda ya Thika Road. Ukikosea hatua moja, amekupita. Njia rahisi ni gani? Mshike jezi. Mtegee gongo kwa miguu. Msukume kidogo, refa akiangalia kando. Kila beki duniani anajua hizo njia za mkato. Kwa hivyo beki anayecheza miaka na miaka kwenye kiwango cha juu bila kutegemea hizo njia ana ujuzi ambao wengine hawana. Miguu yake inafika mapema, na macho yake yanasoma pasi kabla haijapigwa. Usafi wake unatokana na uwezo.

Hapo ndipo nataka ubadilishe mawazo. Mara nyingi anayecheza rafu ni yule aliyechelewa. Anashika jezi kwa sababu mwenzake ameshampita. Mchezo safi ukiuangalia kwa makini utagundua ni kipimo cha uwezo, pengine kigumu kuliko mabao.

Wanaume wa Marekani Kaskazini wana tuzo yao ya aina hii, tena ya zamani. Inaitwa Lady Byng, na ililetwa mwaka 1925 na mwanamke, mke wa gavana mkuu wa Kanada wa wakati huo. Alipenda hoki sana, akaona ianze kuheshimu pia wale wanaocheza kwa ustaarabu. Mshindi wa kwanza alikuwa Frank Nighbor wa Ottawa. Frank Boucher alikuja kuishinda mara saba katika misimu minane, hadi akapewa kombe lenyewe aende nalo nyumbani na likatafutwa jingine. Wayne Gretzky, yule ambaye wengi wanamhesabu kuwa mkali wa wakati wote, aliibeba mara tano. Na masharti yake yako wazi: adabu peke yake haitoshi, lazima pia uwe mchezaji wa kiwango cha juu. Lakini angalia hili: katika karibu miaka 100, mabeki walioishinda unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wakanada wanajua beki kuwa safi na mkali kwa wakati mmoja ni shughuli. Wafini walichukua beki wakaipa tuzo yote jina lake.

Najua unachotaka kuniambia, haswa kama wewe ni msichana unayesoma hii. Utasema, "Wewe, hii si ni njia nyingine ya kutuambia tukae vizuri, tufunge miguu, tutabasamu?" Swali halali. Wanawake wamechoka kuambiwa wawe wapole. Mvulana akigombana na refa anaitwa mpiganaji, msichana akigombana na refa anaitwa hana adabu. Kama tuzo ya mchezo safi inatolewa kwa anayenyamaza zaidi, basi itupwe. Sitailia.

Lakini hebu tuangalie kilichotokea Espoo, kwa hao hao Wafini.

Aprili 2019, Ufini iliandaa mashindano ya dunia ya wanawake. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1990, kila fainali ilikuwa ya watu wawili tu: Kanada na Marekani. Kila moja. Ni kama ligi ambayo ni Gor na AFC peke yao kila mwaka, na ninyi wengine mmealikwa kujaza viti. Halafu nusu fainali, Ufini ikaichapa Kanada 4-2. Nchi ikasimama.

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 14 Aprili, nyumbani, mbele ya watu wao. Dhidi ya Marekani, 1-1, mpaka muda wa ziada. Kisha Petra Nieminen akafunga. Kwa wale wanawake, dunia iliisha hapo. Walirusha magongo na glavu, wakarukiana, wakalia. Uwanja mzima ulikuwa juu. Bingwa wa dunia.

Marefa wakaenda kutazama video. Dakika zikapita, nyingi, zaidi ya kumi. Wakarudi na jibu: hakuna bao, kipa wa Marekani alizuiwa kufanya kazi yake. Na katika tukio hilo hilo, kipa huyo huyo akaadhibiwa kwa kumwangusha mchezaji wa Ufini. Yaani kipa alikosewa, na kipa pia alikosa. Jaribu kumweleza hivyo shabiki wa Kayole kwenye kibanda cha mechi uone kama utatoka na viatu vyote.

Wewe ungefanya nini? Mimi nakwambia ukweli, kuna timu ningezitaja ambazo zingetoka uwanjani na kumfuata refa hadi parking. Wale wanawake waliokota glavu zao zilizotapakaa kwenye barafu. Wakavaa helmeti tena. Wakarudi kucheza, bado ni 1-1, mioyo ikiwa imeshasherehekea. Ikaenda mikwaju, Marekani ikashinda, na Ufini ikapewa fedha.

Sasa sikiza sehemu muhimu. Hawakunyamaza. Shirikisho lao liliwasilisha malalamiko rasmi. Yalikataliwa, lakini yaliwekwa mezani kwa maandishi, dunia ikaona. Mpaka leo ukimuuliza shabiki wa Ufini kuhusu hilo bao, tafuta kiti kwa sababu hadithi ni ndefu. Wamecheza safi, wamelalamika kwa sauti, na hakuna aliyemrushia refa chupa. Hivyo vitu vinaweza kukaa kwenye kikapu kimoja.

Na usiseme hayo ni mambo ya wazungu wa barafu. Sisi tuna yetu. Tarehe 5 Agosti 2024, Paris, fainali ya mita 5,000. Faith Kipyegon na Gudaf Tsegay wa Ethiopia wakabanana katikati ya mbio. Beatrice Chebet akashinda dhahabu, Kipyegon akamaliza wa pili, halafu tukasikia ameondolewa kwa kumzuia mwenzake. Unakumbuka vile mtandao uliwaka hiyo usiku. Kenya ikakata rufaa, rufaa ikakubaliwa, akarudishiwa fedha yake. Siku tano baadaye akashuka kwenye mita 1,500 na kuchukua dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki. Wafini walipoteza rufaa yao, sisi tulishinda yetu, na pande zote mbili njia ilikuwa ile ile: fuata sheria, dai haki yako, rudi kazini.

Kwa hivyo tukubaliane hapa. Mchezo safi si kunyamaza. Kizazi chetu hakijui kunyamaza na sidhani kinafaa kujifunza leo. Mchezo safi ni kujua unapigania nini na ni silaha gani hutagusa.

Mbona mimi, mtu wa mtaa, nimekazana na tuzo ya hoki ya Ufini? Sababu ya kwanza ni kwamba hata hoki yenyewe haiko mbali vile unafikiria. Kuna barafu Nairobi, pale Panari, Mombasa Road, iliyofunguliwa mwaka 2005. Ni ndogo kuliko uwanja kamili, lakini hapo ndipo timu ya Ice Lions ilizaliwa, na wasichana wa hapa wamejifunza kuteleza hapo pia. Mwaka 2018 vijana wa Ice Lions walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Mchezo ungali mchanga kwetu. Ukiwa mchanga ndio wakati wa kuupa desturi nzuri, kabla ujanja haujaota mizizi.

Sababu ya pili ni huo ujanja wenyewe. Tumelelewa na sentensi moja: usikuwe fala. Nairobi ni shamba la mawe, kwa hivyo ukiona nafasi, ruka laini. Ukiona konda amekosea chenji upande wako, nyamaza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nikiwa huko niliona kazi za darasa zikinunuliwa kwa bei ya chipsi na soda, na aliyenunua akipata alama kumshinda aliyekesha. Hakuna aliyemwita mwizi. Aliitwa mjanja. Aliyekesha ndiye alikuwa fala.

Peleka hiyo akili uwanjani uone inazaa nini. Inazaa wachezaji wa miaka 21 kwenye timu ya shule ya wenye miaka 17. Inazaa wanariadha wetu wanaofungiwa kwa dawa, orodha ambayo imekuwa ndefu mpaka tukaacha kushtuka. Kila jina likiongezwa, yule msichana wa Iten anayekimbia kwa uji na ugali anaangaliwa vibaya akienda mbio za nje. Ujanja wa mmoja unalipwa na wengi. Hiyo ndiyo bei, na huwa haiandikwi kwenye risiti.

Na bado tunaweza. Labda umesahau Abel Mutai, aliyeshinda shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji London 2012. Desemba mwaka huo huo alikuwa anaongoza mbio za nyika Burlada, Uhispania. Akadhani amefika, akapunguza mwendo kabla ya utepe. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angempita kirahisi. Badala yake alibaki nyuma, akamwonyesha Mkenya njia mpaka mwisho. Mutai akashinda. Leo ni watu wachache wanaokumbuka washindi wengine wa mbio za nyika za mwaka huo. Huyo wa pili, dunia nzima inamjua. Tuliishangilia sana hiyo hadithi hapa kwetu kwa sababu aliyesaidiwa ni wetu. Swali linaloniwasha ni hili: tungefanya hivyo kama wa mbele alikuwa wao?

Sasa kuna mtu ananisoma akisema, "Sawa bro, lakini hiyo tuzo italipa rent?" Hapana. Na hapo nakubaliana na wewe asilimia mia. Hata Ufini, wachezaji wengi wa ligi ya wanawake wana kazi au masomo pembeni, hoki haiwalishi. Hapa kwetu ni mbaya zaidi, msichana wa ligi anaweza kucheza mechi kisha akajilipia mat kurudi nyumbani. Kumpa mtu kama huyo cheti cha adabu bila kumlipa ni matusi yaliyofungwa kwa karatasi ya zawadi. Walipwe kwanza. Hilo halina mjadala.

Lakini baada ya hapo, au pamoja na hapo, nataka tuibe wazo la Wafini bila aibu. Nataka ligi zetu za wanawake, kandanda, voliboli, raga, vikapu na hiyo hoki ikikua, ziwe na tuzo ya mchezo safi yenye meno. Meno nikimaanisha haya.

Moja, itolewe kwenye jukwaa moja na ya mfungaji bora, saa ile ile, na pesa zile zile. Kama mfungaji bora anapata elfu hamsini, huyu pia apate elfu hamsini. Ukimpa wa pili fulana umeshatuambia unamthamini vipi.

Mbili, isiende kwa anayekaa benchi. Mtu ambaye hajacheza hana jinsi ya kuchafuka. Iende kwa mchezaji wa dakika nyingi, wa namba ngumu, beki au kiungo mkabaji, ambaye timu pinzani inamwogopa na refa hamjui kwa jina.

Tatu, wapige kura wapinzani. Kocha wako atakusifu, ni kazi yake. Lakini yule uliyemkaba dakika 90, ambaye bado ana alama ya kiatu chako kwenye paja, akisema "huyu alinikaba sawa sawa", hiyo ni kura.

Nne, ipewe jina la mwanamke wetu. Tuna Tegla Loroupe, aliyetumia mbio kupatanisha jamii zilizokuwa zinauana kwa ng'ombe na akaongoza timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Wewe unaweza kuwa na jina lingine, lilete. Kitu kikiwa na jina la mtu aliyeishi, msichana wa miaka 12 anauliza, "Kwani huyo alikuwa nani?" Na hapo somo linaanza bila mwalimu.

Ligi hazitaanza hili zenyewe, tunajua vile ofisi zetu hulala. Kwa hivyo kazi inaanza na wewe unayeenda mechi. Wikendi hii ukiwa uwanjani, mtazame beki mmoja tu kwa kipindi kizima. Usifuate mpira, mfuate yeye. Hesabu mara ngapi angeweza kuvuta jezi na hakuvuta, na bado mpira akauchukua. Ukimpata, usingoje kamati. Andika jina lake, weka picha yake, mwambie mtu. Tumekuwa tukiwapa majina makubwa wale wanaotudanganya vizuri, na huyu wa kweli yuko pale uwanjani na hakuna anayemjua.